Programu Nne na Kidole cha Spana

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, pamoja na ndoo ya rangi iliyopinduliwa, ambayo ni kiti changu kwa sababu ndoo ni yangu. Mimi huchora vibao vya maduka. Birika huwa katikati, la Nusu, muuza kahawa, tunayemwita hivyo kwa kuwa hajawahi kumjazia mtu kikombe. Ukimwuliza anasema ile nusu ya juu ni ya kupulizia. Hakimu hakuwahi kuwa hakimu. Alikuwa askari wa mlangoni mahakamani, kazi yake kupaza sauti watu wasimame, ila kesi alizisikia zote na tangu astaafu anatoa hukumu bure. Mkato ni fundi simu wa kibanda cha hapo pembeni. Spana ni fundi magari. Gazeti tunanunua moja tunasoma wote, na anayelishika lazima atembeze kidole chini ya mstari ili wenzake wanaochungulia wajue amefika wapi. Asiyetembeza kidole tunamwona mchoyo. Tumesoma hivyo miaka mingi na hatujui namna nyingine.

Siku hiyo Spana alifunga gereji mapema, akaja amebeba kitu kilichofungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga. Akakaa, akalifungua taulo taratibu. Ndani mlikuwa na kompyuta, ile aina ya kugusa kioo.

Spana: Jamani, leo hamniachi hapa. Leo tunachagua.

Hakimu: Tunachagua nini tena? Mimi kura nilishapiga.

Spana: Programu ya kusomea kitabu. Mkato kaniwekea nne humu ndani, na zote nne zimenishinda.

Nusu: Nne za nini, na kitabu ni kimoja?

Mkato: Ndivyo zilivyo siku hizi. Kitabu kimoja, programu utitiri. Unachagua inayokupendeza.

Spana: Nionyeshe basi inayonipendeza, maana wiki nzima naonekana mwongo ndani ya nyumba yangu.

Nikuambie uwongo wenyewe. Mke wa Spana, ambaye sisi sote tunamwita Shemeji, alikuwa anafundisha watu wazima kusoma. Ndiko walikokutana. Spana alikwenda darasani ili aweze kusoma majina kwenye maboksi ya vipuri, akatoka na herufi zote, na mwalimu vilevile. Tangu hapo, kila jioni Shemeji humsomea mumewe kitabu, naye Spana husikiliza huku akichokonoa grisi kwenye kucha. Mwaka huu macho yakamgomea Shemeji. Jicho moja limepasuliwa, lina bandeji. La pili linaona vivuli tu. Na kitabu kimekatikia pabaya. Msichana yuko peke yake nyumbani, nje mvua, mtu anabisha mlango, na msichana hajui kama ni kaka yake aliyepotea miaka mingi au mtu anayejifanya kaka yake. Hapo ndipo Shemeji alipokiweka kitabu chini akasema haoni tena.

Spana akakichukua. Kwake yeye herufi zilikuwa ndogo kama ufuta. Binti yao, anayefanya kazi mbali, akatuma kompyuta yake ya zamani, kitabu kile kile kikiwa ndani, herufi unazikuza mpaka utakapochoka. Kilichobaki ni programu tu. Kila asubuhi Shemeji anauliza, na kila asubuhi Spana anajibu kwamba programu bado.

Hakimu: Nasikia ziko zinazosoma zenyewe kwa sauti. Ya nini kujitesa?

Spana: Ipo. Ndiyo hii.

Akaigusa. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya kompyuta, haipandi, haishuki, haivuti pumzi. Ilisema mvua inanyesha na mlango unabishwa kwa sauti ile ile moja, kama mtu anayesoma bei za sabuni.

Hakimu: Mbona anasoma vizuri? Kesi imekwisha. Nusu, mimina.

Spana: Nilimwekea Shemeji yako juzi. Alisikiliza mistari miwili, akaniambia zima. Akasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na redio.

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na kila mmoja wetu alikuwa anajiuliza kama mke wake angesema hivyo au angeichagua redio.

Nusu: Basi huyo Mama Bati wa kwenye kompyuta ametoka. Zimebaki tatu.

Spana: Kanisomea tangu tuoane. Sasa yeye ndiye hana macho, halafu mimi nimwekee mashine nikalale? Nitamtazama vipi?

Hakimu: Hukumu ya kwanza imebatilishwa. Lete ya pili.

Programu ya pili tuliibatiza Mpepea papo hapo, kwa tabia yake. Ilikuwa nzuri kuitazama: karatasi ya rangi ya maziwa, herufi nyeusi zimesimama wima, pembeni nafasi ya kutosha. Mimi kama mchora vibao niliipenda. Spana akainyoosha kompyuta juu ya mapaja, akakohoa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Ukurasa ukapinduka.

Akaurudisha. Akaweka kidole tena, mara hii kwa adabu zaidi. Zikapinduka kurasa mbili.

Spana: Mnaona? Sijasoma hata neno.

Hakimu: Labda unakibonyeza kioo mno. Mikono yako imezoea boliti. Lete hapa.

Hakimu akavuta kiti, maana ya kuvuta kiti kwenye benchi ni kumsukuma Nusu. Akaweka kidole chake cha kistaarabu chini ya mstari. Ukurasa ukaenda zake.

Hakimu: Aisee.

Mkato: Mimi najua tatizo. Programu hii imetengenezwa na watu wa haraka. Wao ukurasa mzima wanaumaliza kwa kutupa jicho. Sasa ikiona mtu amekaa kwenye neno moja, inadhani amekwisha maliza, inampa mwingine.

Nusu: Yaani inatuona wazito?

Mkato: Haituoni. Inakisia.

Hakimu: Kukisia bila ushahidi ni kosa. Lete ya tatu.

Ya tatu haikuwa na kurasa. Kitabu kizima kilikuwa kipande kimoja kirefu kinachoviringika, kwa hiyo ikawa Jamvi. Spana alipoweka kidole na kuanza kukitembeza, maneno yote yakamfuata kidole. Akienda kulia yanayumba kulia, akishuka kidogo yanashuka yote. Alitaka kuonyesha mstari na mstari ukawa unamwonyesha yeye. Kufika mwisho wa sentensi tulikuwa tumeshatoka kwa msichana wa mlangoni, tuko kwenye harusi ya mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Spana: Funga, funga. Tusije tukajua mwisho kabla yake.

Nusu: Harusi ya nani ile?

Spana: Nimesema funga.

Nusu: Mimi nadhani ni joto. Tumeshika vikombe, vidole vimepata moto, kompyuta inadhani imeungua inakimbia. Nawa mikono.

Spana akanawa. Nusu akammiminia maji ya kusuuzia vikombe, Hakimu akatoa leso. Jamvi likaviringika kama kawaida.

Mkato: Basi sikilizeni. Kompyuta ilikuwa ya nani? Ya binti. Imezoea vidole vya binti, vyepesi. Haimjui baba mtu. Inabidi ajitambulishe.

Hakimu: Ajitambulishe vipi?

Mkato: Aiguse kidogo kidogo bila kusoma. Siku mbili tatu. Izoee.

Hakimu: Wewe Mkato, mimi nimeona mashahidi wengi wa uongo, lakini walikuwa wanatoka jasho.

Mimi nami nikaona nisibaki nyuma. Nikasema kwa maoni yangu herufi hizi hazijakauka. Kibao ukikigusa rangi mbichi, herufi inavutika inakufuata kidole, na hiki ndicho tulichokiona kwa macho yetu. Tuiache kompyuta juani kidogo, wino ushike. Wakanitazama wote. Nilikuwa nimesema nikiwa na uhakika, lakini kadiri walivyonitazama uhakika ulinipungua, nikanywa kahawa yangu.

Programu ya nne ilikuwa Mjuaji. Hii haikupinduka wala kuviringika. Spana akaweka kidole, ukurasa ukatulia, tukatazamana kwa matumaini. Halafu neno alilolishika likageuka njano, na kisanduku kikatokea juu yake kikaanza kulieleza. Lilikuwa neno mlango. Kisanduku kikasema mlango ni sehemu ya kuingilia na kutokea.

Spana: Najua mlango ni nini.

Akasogeza kidole. Neno mvua likawa njano. Kisanduku kikaeleza mvua.

Spana: Na mvua naijua.

Hakimu: Inakudharau huyo. Mbele ya watu.

Nusu: Ngoja, ngoja kwanza. Mimi nimeshaelewa. Msitake kucheka. Hadithi imefika wapi?

Spana: Mtu anabisha mlango.

Nusu: Na wewe unafanya nini na kidole? Unagonga kioo. Humo ndani wanasikia. Kila ukigusa wanadhani ni yule yule mbishaji, wanahangaika. Ndiyo maana ukurasa hautulii. Ungekuwa umeanzia kwenye ile harusi ungesoma salama kabisa.

Kuna ujinga ambao ukiusikia kahawa inakuingia puani. Lakini Hakimu aliupokea kwa uso wa kazi, akauliza kama mgongaji alikuwa anagonga kwa kidole kimoja au kwa ngumi, Mkato akasema hiyo inategemea toleo la programu, na ikafika mahali watu wazima wanne tunajadili namna ya kugusa kioo ambayo haifanani na kubisha hodi. Mimi mwenyewe nilipendekeza kukwaruza.

Spana peke yake hakuwa anacheka wala kuchangia. Alikuwa ameishika kompyuta kwa mikono miwili kama sinia lililojaa.

Spana: Bandeji inatolewa wiki ijayo. Daktari hakuniahidi kitu. Kasema jicho linaweza kurudi, linaweza lisirudi. Mke wangu hasemi, lakini usiku namsikia hajalala. Jana ameniuliza, kwani wewe unaogopa kunisomea? Nikamwambia siogopi, ni programu.

Hakimu: Na unaogopa?

Spana: Naogopa. Sijawahi kusoma mbele yake tangu darasani. Lakini ningesoma hivyo hivyo, kama hiki kitu kingetulia.

Hapo kijiwe kikapoa. Nusu alimjazia kikombe mpaka juu. Mkato akaichukua kompyuta akaanza kubadilisha hiki na kile humo ndani, akiongea peke yake. Hakimu akasema tupige kura, Mpepea au Mjuaji, kwa sababu Jamvi halifai hata kutajwa. Mimi nikasema Mpepea kwa ajili ya herufi. Mkato akasema Mjuaji. Nusu akasema yeye anasubiri aone wengi wako wapi.

Katikati ya kura ndipo tulipomwona Shemeji. Nyumba yao iko nyuma tu ya duka la vipuri, na alikuwa anakuja kwa kufuata ukuta, kiganja kimoja kikiteleza juu ya matofali, bandeji jichoni, ameinua uso kidogo kama watu wasioona vizuri wanavyofanya. Spana aliruka akamshika mkono. Tukasogea, hata Hakimu, Shemeji akapata nafasi ya katikati kwenye benchi.

Nusu: Shikamoo, Mwalimu.

Shemeji: Marahaba. Nimewasikia toka nimeanika nguo mpaka nimezianua. Mnapiga kelele kama mnauza ng'ombe.

Hakimu: Tulikuwa kwenye kikao, Shemeji. Suala lako ndilo lilikuwa mezani.

Shemeji: Nimesikia. Nimekuja kuuliza neno moja tu nirudi zangu. Alifungua au hakufungua?

Hakimu: Nani?

Shemeji: Yule msichana. Mmekaa na kitabu mchana kutwa. Alifungua mlango au hakufungua?

Hakimu alitazama viatu vyake. Mkato alikuwa na kompyuta mkononi, ukurasa wenyewe uko wazi mbele ya uso wake, herufi kubwa kama za vibao vyangu, na nilimwona akianza kuusoma kimyakimya halafu akaacha kwa aibu. Tulikuwa tumeujadili ule mlango kuliko fundi seremala, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameusoma.

Nusu: Harusi iko, Shemeji. Hilo nina hakika nalo.

Spana: Nyamaza wewe. Mke wangu, ni programu. Zinanikimbia. Nikiweka kidole tu, kitabu kinaondoka.

Shemeji: Unaweka kidole wapi?

Spana: Chini ya mstari.

Hakimu: Kama watu wote.

Shemeji: Juu ya kioo?

Spana: Sasa niweke wapi?

Shemeji aligeuza uso kwa kila mmoja wetu, kana kwamba anatuona. Mabega yakaanza kumtikisika.

Shemeji: Kompyuta ya kugusa. Mnaigusa. Halafu mnashangaa imejua imeguswa.

Mkato, ambaye anashinda na vioo vya simu mikononi kutwa nzima, akaanza kulichunguza birika.

Mkato: Mimi simu huwa sizisomi, Shemeji. Nazitengeneza tu.

Shemeji: Na mkatoa vidole wote, mmoja baada ya mwingine.

Hakimu: Kwa zamu. Kwa utaratibu.

Alicheka mpaka akashika bandeji yake ili isisogee, na sisi tukacheka kwa sababu yeye alicheka, isipokuwa Spana. Spana alikuwa anakitazama kidole chake cha shahada, cheusi kwenye mikunjo, ambacho sabuni yoyote haijawahi kukiweza.

Spana: Bila hiki napotea. Naruka mistari. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha.

Shemeji: Nilikufundisha ukiwa hujui a wala be. Wenzako wote niliwaambia watoe vidole siku ya mtihani. Wewe sikukwambia, nilikuwa naupenda ule mkono unavyotembea. Kosa langu.

Hilo nadhani hakuwahi kulisema, maana Spana aliacha kukitazama kidole akamgeukia yeye. Hakimu akawa anatazama barabarani kwa bidii sana.

Shemeji: Fungua programu yoyote.

Spana: Ipi? Hawa walikuwa wanapiga kura.

Shemeji: Yoyote. Mimi hata siioni.

Mkato akamfungulia Mpepea, akaiweka mapajani mwa Spana, akazikuza herufi mpaka mstari ukawa na maneno matatu tu. Mkono wa Spana ukanyanyuka wenyewe kuelekea kwenye kioo. Shemeji hakuuona lakini alikuwa anaujua, akaupapasa hewani, akaupata.

Shemeji: Nipe hicho kidole.

Spana: Nikiruka mstari je?

Shemeji: Hadithi ikiruka nitajua. Soma.

Akakikunja kile kidole ndani ya kiganja chake, akakishikilia juu ya goti lake. Spana akakohoa. Sisi tukainama, na nakumbuka hatukujua pa kutazama, kwa kuwa hapakuwa na kidole cha kufuata.

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Mvua. Ilikuwa. Haijakatika. Mlango ukabishwa tena. Msichana akauliza ni nani. Mtu wa nje hakusema jina. Halafu Spana akaruka, nadhani mistari miwili, maana ghafla palikuwa na taa iliyozimwa na hakuna aliyekuwa ameiwasha.

Shemeji: Umeruka. Rudi.

Akarudi. Akaitafuta ile taa, akaiwasha, akaendelea. Alikuwa anatoka jasho. Kidogo kidogo sauti yake ikaacha kuyagonga maneno, ikaanza kuyaunga, na pale mtu wa nje alipolalamika baridi, Spana alilalamika pia bila kukusudia. Muuzaji wa duka la vipuri alitoka kuuliza nani ana chenji, akamwona, akasimama mlangoni.

Msichana hakufungua. Alikaa chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, akasema: kama wewe ni kaka yangu, niambie mama alikuwa anatuitaje tukichelewa kurudi. Kisha yule mtu akasogea karibu na mlango, akasema

Spana akanyamaza.

Nusu: Akasema nini?

Spana: Ukurasa umekwisha.

Nusu: Mungu wangu.

Spana: Mke wangu, nirudishie kidole nigeuze.

Shemeji hakufungua kiganja.

Shemeji: Unavyo vingine. Hiki siachii.

Spana akapeleka mkono wa pili, ule asioutumia kwa kusoma, akagusa pembe ya kioo kwa kidole gumba, mara moja, na ukurasa ukageuka.